Mtenda Bure na Haki Yake

Watu wengi huisifu hiba, lakini wachache huuliza habari za mwenye kuitoa. Kitu kikisha kutolewa bure hupokewa kwa furaha, hutumiwa kwa raha, na mara mtoaji husahauliwa kama mvua ya mwaka jana. Ujira una daftari na mdai. Hiba haina daftari wala shahidi. Ndiyo sababu swali la haki ya mtenda bure ni zito kuliko swali la haki ya kibarua. Kibarua akidhulumiwa ana mahali pa kushtaki. Mtenda bure akidhulumiwa huambiwa kwamba hakulazimishwa na mtu. Jibu hilo ni la kweli, walakini si kila jibu la kweli humaliza swali.

Swali lenyewe laweza kuwekwa hivi. Mtu akifanya kazi kwa hiari yake, akawapa watu wote matunda ya kazi hiyo bila ya kutaka malipo, je, wapokeaji wana deni lolote kwake? Na yeye akidai chochote, je, hiba yake imegeuka kuwa biashara? Mambo haya ni ya kale kama ukarimu wenyewe, lakini katika siku hizi yamepata sura mpya katika kazi ya watu waandikao programu huria za kompyuta. Watu hawa wametapakaa duniani. Hufanya kazi pamoja bila ya kuonana, na mara moja moja husafiri kukutana katika mikutano. Baadhi yao ni vijana wa Afrika ya Mashariki.

Hapana mahali pafaapo kulipimia swali hili kuliko Chunya. Wilaya hii ya Mkoa wa Mbeya, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ni nchi ya dhahabu. Dhahabu ya Lupa ilianza kuwavuta watu katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 wachimbaji wa Kizungu kwa mamia na wafanya kazi wa Kiafrika kwa maelfu walikuwa wakichekecha mchanga wa mito yake. Hata leo wachimbaji wadogo hushuka katika maduara, hupandisha mawe, huyapeleka kwenye karasha yakasagwa, kisha huosha unga wake. Mchanga uliokwisha kuoshwa, uitwao marudio, nao haupotei. Huuzwa kwa wenye mitambo na dawa za kukamua chembe zilizobaki. Hakuna kinachoachwa, kwa kuwa sheria ya dhahabu ni moja: gramu aliyoipata huyu hawezi kuipata yule. Kutokana na sheria hiyo huzaliwa uzio, mlinzi, siri na ugomvi wa mipaka.

Programu ya kompyuta haina tabia ya dhahabu. Mtu akimpa mwenziwe programu, yeye hapungukiwi na kitu. Wawili wakiwa nayo, haikugawanyika. Milioni wakiwa nayo, bado ni nzima kwa kila mmoja wao. Katika jambo hili programu hufanana na elimu, au na moto wa jikoni ambao jirani huja kuukopa kwa kijinga kimoja, wala jiko la mwenyewe halizimiki. Kama ndivyo, ziko sababu gani za kuizungushia uzio kitu ambacho hakipungui?

Sababu zipo, na wenye makampuni ya programu wamezieleza sana: mtu aliyetumia akili na wakati hustahili faida. Lakini mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza mradi wa GNU kwa nia ya kutengeneza programu ambazo kila mtu angekuwa huru kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa. Mwaka 1989 ikatolewa leseni ya GPL, yenye sharti la ajabu: apokeaye programu ana uhuru wote huo, lakini akiigawa kwa wengine, hana ruhusa ya kuwanyima uhuru alioupokea yeye. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, alitoa kiini cha Linux, ambacho baadaye alikiweka chini ya leseni hiyo. Kiini hicho leo kimo ndani ya kila simu ya Android, na simu hizo zimejaa mifukoni mwa watu wa Chunya, pamoja na wasiojua kwamba kitu hicho kipo.

Msomaji wa pwani atalitambua sharti hilo upesi, kwa kuwa linafanana na wakfu. Mwenye kisima akikiweka wakfu, hapana tena awezaye kukiuza au kuwafukuza wenye kiu. Mfano huu ni mzuri, lakini una kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo mlango wa maneno yote yafuatayo. Aliyeweka kisima wakfu ametoa mali aliyokuwa nayo, na hiba yake imekamilika siku ile ile. Aliyetoa programu hakutoa kitu kilichokamilika. Programu huchakaa bila ya kuguswa: mashine hubadilika, wezi hugundua nyufa, watumiaji huleta haja mpya. Aliyeandika programu huria, watu wakaipenda, amejiweka zamu ya kufagia kisima asubuhi na jioni, na hapana aliyemwambia zamu hiyo itakwisha lini.

Na achukuliwe kijana mmoja wa Chunya kuwa mfano. Hana jina, kwa kuwa ni wa kubuni, ila wenye hali kama yake si wachache. Amesoma kompyuta chuoni Mbeya, akarudi nyumbani, na sasa ana kibanda cha kutengeneza simu na kupiga chapa karatasi za watu. Mchana hutafuta riziki. Usiku, wakati bando la intaneti ni la bei nafuu, hufungua kompyuta yake iliyotumiwa na wengine kabla yake, akafanya kazi katika programu huria ya kuchorea ramani. Aliingia katika kazi hiyo bila ya kukusudia. Alikuwa akiitumia programu hiyo kuandika njia za kwenda vitongojini, akaona kwamba mtandao ukikatika katikati ya kazi, alama zote alizoweka hupotea. Katika mji mkubwa kasoro hiyo haionekani. Chunya huonekana kila siku. Akaisoma programu, akaijua kasoro, akaandika marekebisho, akayapeleka kwa watunzaji wake ambao hajapata kuwaona. Baada ya siku chache yakapokewa. Tangu siku hiyo watu wa nchi nyingi hawapotezi tena kazi yao mtandao unapokatika, na sababu ni kibanda kimoja cha Chunya.

Kazi ya namna hii si ngeni katika nchi hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni moja ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kuhesabia iliyogeuzwa kuwa ya Kiswahili. Hapana mwenye kampuni aliyeombwa ruhusa wala kungojwa aone faida katika soko la Waswahili. Ruhusa ilikuwa imekwisha kutolewa na leseni. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria katika Dar es Salaam, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walipita kwa miguu katika mitaa isalikwayo na mafuriko, wakaichora nyumba, mifereji na vichochoro katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo kila mtu aweza kuichangia na kuitumia. Kwa hiyo asisemeye mtu kwamba programu huria ni mchezo wa mataifa mengine. Imekwisha kunena Kiswahili, na imekwisha kutembea katika matope ya Tandale.

Sasa na irudiwe nyumba ya kijana yule. Mama yake, ambaye taa ya kompyuta humnyima usingizi, alimwuliza usiku mmoja:

“Mwanangu, huyo unayemfanyia kazi usiku ni nani?”

“Mama, ni watu wengi. Siwajui.”

“Wanakulipa nini?”

“Hawanilipi, mama. Ni kazi ya kusaidiana.”

Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza neno la mwisho: “Haya, wewe huwajui. Je, wao wanakujua?”

Katika maswali matatu ya mama huyu, la tatu ndilo zito. Hakuuliza faida tu. Aliuliza kama kusaidiana kunako upande mmoja kwaweza kuitwa kusaidiana.

Wako wanaojibu kwamba mtenda bure hana cha kudai. Kutoa ni moyo, husema, wala si utajiri. Na moyo unaotaka kurudishiwa ni moyo wa dukani. Jawabu hili lina heshima yake. Linalinda kitu kizuri, yaani uhuru wa mtu kufanya wema bila ya kuupigia hesabu. Tena ni kweli kwamba kijana yule hakutumwa. Alijifunza mengi kwa kufanya, na hata kabla hajatoa kitu alikwisha kupokea kazi ya maelfu waliomtangulia. Kama kuna deni, basi yeye ndiye aliyeanza kudaiwa.

Walakini fikira hii, ikiachwa peke yake, huleta hasara iliyokwisha kuonekana kwa macho. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro kubwa, iliyoitwa Heartbleed, katika OpenSSL, programu huria inayoficha siri za watu wanaponunua, wanapotuma fedha na wanapoandikiana katika intaneti. Dunia ikashtuka kusikia kwamba programu iliyotegemewa na mabenki na serikali ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno, mmoja tu kati yao akiifanya kuwa kazi yake ya siku nzima, na kwamba michango iliyokuwa ikipatikana ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Matajiri walikuwa wakinywa kisimani, na hapana aliyeuliza habari za mfagizi.

Mwaka 2024 likatokea jambo la kutisha zaidi. Programu ndogo iitwayo XZ, ya kufinya mafaili, ilikuwa na mtunzaji mmoja aliyechoka, ambaye alikuwa amekwisha kuwaeleza watu kwamba afya ya akili yake haikuwa njema na kwamba kazi ile haikuwa na malipo. Baadhi ya watu, ambao huenda hawakuwapo kwa majina waliyojiita, walimsukuma na kumlaumu kwa kuchelewa. Akatokea msaidizi mmoja, mpole na mchapa kazi, aliyesaidia kwa muda mrefu mpaka akapewa funguo za nyumba. Msaidizi huyo ndiye aliyetia mlango wa siri wa kuingilia katika mashine za watu. Mwezi wa Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kulichukua nusu ya sekunde zaidi ya kawaida; akafuata uzi huo mpaka akaufikia mlango wenyewe, na hatari ikazuiwa kabla haijaenea.

Mambo hayo mawili yanafundisha neno moja. Mtoaji akisahauliwa, hasara haimwishii yeye, humrudia mpokeaji. Bure aghali, walisema wahenga, nao hawakuwa na maana kwamba hiba ni mbaya. Walikuwa na maana kwamba kitu kisicholipiwa kwa fedha hulipiwa kwa njia nyingine, na mara nyingi hulipwa na yule asiyejua kwamba analipa.

Wako tena wanaojibu kwa upande wa pili: kama kazi ina thamani, na ilipwe ujira, maneno yaishe. Ni neno la haki kwa makampuni makubwa yanayojenga utajiri juu ya msingi uliotolewa bure. Yakitoa sehemu ya faida kuwalipa watunzaji, hayafanyi ukarimu. Yanaukarabati msingi wa nyumba yao wenyewe. Lakini ujira peke yake hauwezi kuwa jawabu kamili, kwa kuwa alipaye huchagua. Atalipia kitakachomfaa yeye. Kasoro ya mtandao kukatika Chunya haingelipiwa na mtu, kwa sababu aliyekuwa na fedha hakuiona, na aliyeiona hakuwa na fedha. Uhuru wa kijana yule kuirekebisha bila ya kutumwa ndio uliowafaa watu wote. Ukiugeuza uhuru huo wote kuwa soko, umewafunga mikono watu wa pembezoni.

Basi njia ya katikati na itafutwe mahali ilipokuwapo zamani, katika kazi ya ujima. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini, kama wazee wa mahali pengi, walikuwa na desturi ya kuitana shambani. Mtu mmoja huwaalika majirani wakamlimia, naye huwapikia chakula na pombe. Pombe ile haikuwa ujira. Hapana aliyepima vikombe kwa matuta aliyolima, na mzee aliyelima kidogo hakunyweshwa kidogo. Hata hivyo mwenye shamba aliyewaita watu, wakalima, kisha akawaacha warudi na kiu, alikuwa amefanya jambo ambalo kijiji hakikulisahau. Na aliyelimiwa mwaka huu, asipoonekana katika shamba la jirani mwaka ujao, alijitoa mwenyewe katika ujima. Kwa hiyo wazee walijua jambo ambalo mabishano ya hiba na ujira hulipoteza: kati ya kulipwa na kutolipwa kuna kutambuliana. Deni la ujima halina bei, lakini ni deni.

Deni hilo, likihamishwa kutoka shambani kwenda katika programu, lina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni kutajwa: jina la mtenda liandikwe pamoja na kazi yake, ili mtu asijivunie jasho la mwingine. Sehemu ya pili ni kutegemezwa: mwenye kuzidiwa na zamu asaidiwe kwa mikono au kwa fedha kabla hajaanguka. Sehemu ya tatu ni kuketishwa barazani: aliyelima awe na neno katika kuamua nini kipandwe msimu ujao. Sehemu ya tatu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, nayo ndiyo inayoleta habari za safari.

Watu wa programu huria hukutana katika mikutano ya kila mwaka. Mtu asiyeijua kazi yao aweza kuona kwamba mikutano hiyo ni anasa: ndege, hoteli, kamba ya jina shingoni, na picha za kuonyesha watu nyumbani. Katika nchi ambayo posho ya semina imekwisha kuwa mazoea, dhana hiyo si ya uonevu. Wako wasafiri waliogeuza safari kuwa kazi na kazi kuwa kisingizio, ambao huonekana katika kila mkutano na hawaonekani katika marekebisho hata moja. Mtu wa namna hiyo ni kama mgeni wa ujima afikaye jembe likiwa limekwisha kuwekwa chini.

Lakini matumizi mabaya ya jambo hayaondoi haja yake. Wahenga walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Katika mikutano hiyo watu waliobishana mwaka mzima kwa maandishi makali huonana uso kwa uso, wakagundua kwamba mwenzao si mkaidi, bali alikuwa akiandika kwa lugha ya tatu. Huko huamuliwa njia ya miaka ijayo, na huchaguliwa watakaoshika funguo. Jambo la XZ lilionyesha kwamba funguo zikipewa mtu asiyejulikana ila kwa maandishi, hatari yaweza kuingia. Kuonana si dawa kamili ya udanganyifu, lakini kuaminiana kwa watu wasiopata kuketi pamoja ni kwembamba. Asiyekuwapo barazani hukatiwa shauri na waliokuwapo, hata kama hawamchukii.

Hapa ndipo mambo ya ajabu yanapodhihirika. Kazi ya kijana wa Chunya huingia Kanada au Ujerumani usiku ule ule alioiandika. Haiulizwi pasipoti, haipigi hodi, haiulizwi kama ina nia ya kurudi kwao. Lakini yeye mwenyewe akialikwa kwenda kueleza kazi hiyo, lazima asafiri karibu kilomita 900 mpaka Dar es Salaam, apeleke hesabu za benki, barua ya mwajiri ambaye hana, hati ya nyumba ambayo si yake, alipe ada isiyorudishwa, na angoje. Aghalabu jawabu huja kwamba mwombaji hakuthibitisha kuwa atarudi. Mkono wake umeruhusiwa kuingia. Mwili wake umebaki mlangoni.

Hayo si mambo ya kubuni. Mwaka 2018, katika mkutano mkubwa wa elimu ya akili bandia wa NeurIPS uliofanyika Montreal, watafiti wengi wa Kiafrika walioalikwa walinyimwa viza za Kanada. Elimu hiyo ni jirani wa karibu wa programu huria, na nyingi za zana zake ni huria. Mkutano mwingine wa elimu hiyo hiyo, wa ICLR, ulipangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020. Maradhi ya UVIKO-19 yakauzuia, ukafanyika kwa mtandao, lakini mwaka 2023 ulifanyika Kigali. Watu wa ramani na programu huria walikuwa wametangulia: mwezi wa Agosti 2018 mkutano wao wa dunia, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam, na neno lililouongoza lilikuwa kwamba asiachwe mtu nyuma. Mwezi wa Novemba 2023 watumiaji na watengenezaji wa Django, programu huria ya kujengea tovuti, walifanya DjangoCon Africa ya kwanza Zanzibar. Katika mikutano hiyo kijana wa Chunya aliweza kwenda kwa basi na boti, akasimama akasema, na safari hii wengine ndio waliopanga foleni ya viza.

Mtu aweza kusema kwamba kila dola ina haki ya kulinda mpaka wake, na kwamba jumuiya ya waandika programu haina jeshi la kubomoa mpaka. Ni kweli. Lakini hoja hiyo huonyesha deni liko kwa nani, wala hailifuti. Dola haikuinywa pombe ya ujima kwa niaba ya watu wake. Jumuiya ndiyo iliyopokea kazi. Jumuiya haiwezi kuamua nani apewe viza, bali yaweza kuamua baraza likae wapi. Anayejua kwamba mlango fulani hufungwa mbele ya wenziwe, na kila mwaka akalipeleka baraza nyuma ya mlango ule ule, asiseme kwamba aliyefunga ni mwingine. Kuchagua mahali ni tendo, na mwenye kutenda huulizwa.

Limebaki jambo moja, nalo ni chungu zaidi, kwa kuwa linamgeukia mtoaji mwenyewe. Mtu hawezi kutoa hiba kitu ambacho si chake. Saa za usiku za kijana yule ni za nani? Mdogo wake anangoja ada ya shule. Mama yake anahitaji dawa. Kama kila saa anayoitoa kwa watu asiowajua ameitoa katika haki ya watu anaowajua, basi ukarimu wake una dhuluma ndani yake, hata kama dunia nzima inamsifu. Ukarimu hutoka katika ziada. Na asiye na ziada ana nini cha kutoa?

Hoja hii ina nguvu, na wako waliokwisha kuiacha kazi hiyo kwa sababu yake, wala hapana mwenye haki ya kuwalaumu. Lakini ikifuatwa mpaka mwisho wake, huonyesha jambo lisilotazamiwa. Kama mwenye ziada tu ndiye anayeruhusiwa kutoa, basi hiba itakuwa mali ya wenye nafasi. Na kwa kuwa katika kazi hii atoaye ndiye anayeamua kitu kikae namna gani, programu za dunia zitakatwa kwa kipimo cha wale wenye umeme usiozimika, mtandao usiokatika, na lugha ambayo mashine zimekwisha kuizoea. Kisima kitakuwa wakfu kwa wote, lakini kamba yake itakuwa na urefu wa mkono wa tajiri. Maskini hatakatazwa kunywa. Atakatazwa kuchimba, na asiyechimba hunywa alichochimbiwa.

Kwa hiyo kumtegemeza mtenda bure, kwa fedha, kwa nauli, au kwa kuleta baraza karibu na kwake, si kuinunua hiba yake. Ni kumfungulia mlango wa kutoa. Mwenye kumpa kijana wa Chunya riziki ya miezi michache ili aitunze programu aipendayo hakumfanya kibarua. Amemrudishia mama yake saa zile, ili mwana azitoe bila ya kumdhulumu mtu. Tofauti ya hiba na ujira haimo katika fedha kuwapo au kutokuwapo. Imo katika swali la nani anaagiza. Anayelipwa afanye alichoambiwa amepata ujira. Anayesaidiwa ili aweze kufanya alichoona ni chema bado ni mtoaji.

Wala haki hiyo haikai bila ya wajibu. Aliyeketishwa barazani amekwenda pia kwa ajili ya wasiokwenda. Akirudi kutoka Zanzibar au Kigali, akapanda milima ya Mbeya na kuteremka tena upande wa Chunya, watu watamwuliza ameleta nini. Akiwa ameleta picha tu na fulana ya mkutano, basi wale walioiita safari yake kuwa posho walisema kweli. Akiwa ameleta elimu, akawakalisha wanafunzi wawili au watatu katika kibanda chake, akawaonyesha namna ya kuisoma programu na kuirekebisha, basi ameanza ujima mwingine, na safari yake imewalipa waliomchangia na wasiomchangia.

Usiku utakapofika, mama atamwuliza tena lile swali la tatu: je, wao wanakujua? Siku atakapoweza kujibu kwamba wanamjua kwa jina, wanamngoja barazani, na wanauliza habari zake anapokuwa kimya, siku hiyo hatakuwa ametajirika kwa dhahabu hata gramu moja. Lakini kazi yake itakuwa imepata jina lake la haki, yaani kusaidiana. Dhahabu ya Lupa, kila iliyochimbwa, ilipunguza iliyobaki. Kazi hii haipungui kwa kutumiwa. Inapungua kwa kusahauliwa kwa watu wake. Na kusahau ni kosa ambalo mpokeaji hawezi kumsingizia mtu mwingine.